Siku Ukasha Alipoisifia Charger

Mwanamke akisifiwa mwanamke mwingine mbele yake, angalau anajua pa kuangalia. Atamwangalia mwenzake kuanzia kichwani mpaka miguuni, atatafuta kasoro, ataipata, na roho itatulia. Mimi nilisifiwa gari. Gari jeusi la Kimarekani, la zamani, lenye umri wa kutosha kuwa mama yangu mzazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa banda letu la video pale Chanika, Handeni, tiketi mkononi, na sauti iliyokuwa ikilimwagia sifa ilikuwa ya mwanaume ambaye Jumapili yake angeleta washenga nyumbani kwetu.

"Itazameni hiyo Charger," Ukasha alisema kwenye spika, kwa ile sauti yake ya taratibu ambayo nilidhani ananiwekea mimi tu. "Mustang mmeizoea. Mustang ni nzuri, nani amekataa? Lakini Mustang ina kununa. Ukiichelewesha inanuna, ukiigusa vibaya inanuna. Charger hainuni. Charger inacheka kabla haijaondoka. Hiyo ndiyo gari ya kusafiri nayo mpaka barabara iishe."

Banda zima lililipuka kwa kelele. Kwenye kioo, steringi mwenyewe wa muvi wala hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa anatafuna bazoka na kungoja taa za barabarani zimruhusu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Ukasha, DJ wa muvi kama watu walivyomwita. Alikaa kwenye chumba kimoja huko Korogwe, anachukua muvi za Kizungu na kuziingizia Kiswahili chake, anasemea wote waliomo, majambazi, mapolisi na wake zao, na pale wanaponyamaza anawajazia ya kwake. Baba yangu, Mzee Mhina, ndiye mwenye banda, na muvi za Ukasha ndizo zilizokuwa zikilijaza. Lakini Ukasha alipotamka kwamba anataka kuoa, baba alibadilika kabisa. Aliuliza ni kazi gani hiyo ya kusemea watu ambao hawajamtuma. Mama alimkumbusha kwamba paa la bati tunalolala chini yake limetokana na kazi hiyohiyo, naye akasema bati ni bati na mkwe ni mkwe. Ilimchukua shangazi Swaumu, dada yake baba, kuja kutoka Sindeni mara kadhaa na kukaa naye barazani hadi akakubali angalau washenga wapokewe.

Sasa nieleze kwa nini gari liliniuma kiasi kile.

Ukasha alipoanza kuleta muvi zake kwetu, tulikuwa tunaibiana macho tu. Anakuja na basi kutoka Korogwe, flashi mfukoni, anakaa benchi la nyuma kusikiliza watu wanacheka wapi. Siku moja wakati anaondoka aliniuliza kama nimeiona ile Mustang ya kijivu ilivyotulia kwenye makutano, kabla haijamfukuza jambazi. Nikamwambia nimeiona, gari ni gari. Akasema kila anapoisemea ile Mustang, huwa anamsema mtu.

"Nani?" nikamuuliza.

"Mtu mmoja anayekunja kanga mara mbili kiunoni kabla hajagomba."

Muda uleule nilikuwa nimetoka kugombana na mteja aliyetaka kuingia bure, na kanga yangu ilikuwa kiunoni, imekunjwa mara mbili. Nikaangalia pembeni, na moyo wangu haukurudi tena mahali pake.

Tangu hapo kila muvi yenye magari ya zamani ikawa barua yangu, inasomwa mbele ya watu na hakuna anayejua imeandikiwa nani. Ukasha alikuwa anayashindanisha magari hayo kama watu wanavyoshindanisha timu za mpira. Camaro alisema ni mpenda kujionyesha, inapiga kelele hata ikirudi nyuma. Impala ni mtu mzima, ndefu kama ukumbi, mlango wake mmoja unatosha kufunika bodaboda na abiria wake. Lakini Mustang, na boneti yake ndefu na taa zake za nyuma zilizosimama tatutatu kama chale, hiyo hakuna aliyeigusa. Ikitokea tu, Ukasha anashusha sauti. Anasema inaongea kidogo lakini ikiwaka kaa pembeni. Anasema anayeiendesha hatakiwi kuipeleka, anatakiwa kuisikiliza. Na mimi pale mlangoni nazihesabu tiketi ambazo nimeshazihesabu, nauma midomo nisicheke.

Siri hiyo haikudumu. Vijana wa stendi si wajinga. Sabiri, dereva bodaboda mwenye mdomo kuliko wote, ndiye aliyeanza kuoanisha maneno ya Ukasha na kiuno changu. Kabla mvua hazijaanza, nikipita stendi nasikia "Mustang hiyo," na miluzi, na mwingine anavuta mafuta ya pikipiki yake iliyosimama ili ingurume. Nilijifanya sisikii. Ila nilikuwa natembea polepole ili wamalize.

Kwa hiyo siku ile Charger iliposifiwa, si mimi peke yangu niliyeelewa. Sabiri aligeuka pale alipokaa, akanitazama mlangoni, akatikisa kichwa kwa huruma ambayo sikumwomba.

Na hilo lilikuwa bado dogo. Zamani Ukasha alikuwa anafanya mwenyewe hata sauti za wanawake, anabana pua, watu wanavunjika mbavu. Kwenye muvi hii alisikika mwanamke wa kweli. Ana sauti nzito, ya kushiba, na kicheko kinachoanzia tumboni. Mke wa jambazi aliposogea kwenye ile Charger, huyo mwanamke akasema, "Hii nipeni mimi. Mustang mpeni anayependa kubembelezwa," kisha akacheka, na Ukasha akacheka naye. Walicheka pamoja, kwenye spika za baba yangu, mbele ya Handeni yote.

Ilipofika jioni nilishajua jina lake, maana habari mbaya hazikosi wa kuzileta. Anaitwa Angel. Anauza chakula Mombo, pale mabasi yanaposimama, na sauti yake ilikuwa inajulikana na makondakta kabla Ukasha hajaichukua.

Sikulala vizuri. Mawazoni nilimwona huyo Angel akiwa mweusi wa kung'aa, mpana mbele, anacheka kabla hajaondoka. Shangazi Swaumu alishafika kwa ajili ya Jumapili, na asubuhi tukiwa tunachambua mchele alinikumbusha jinsi itakavyokuwa. Washenga watakaa na wazee ukumbini, yeye ataingia chumbani kuniuliza kama nimeridhia. Kwetu msichana akiulizwa akanyamaza, huhesabiwa ameridhia.

"Wewe lakini sijui kama utaweza kunyamaza," shangazi alisema. "Ulizaliwa unasema."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitajibu kwa mdomo wangu. Hakujua kwamba jibu nilikuwa nimeshaliandaa, na lilikuwa hapana.

Nilitaka tu kwanza nimwone mtu ninayemkataa. Nikamuaga mama kwamba naenda Korogwe kuchukua kitambaa kwa fundi, nikapanda basi la asubuhi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika Korogwe nilikuwa na hotuba ya kutosha kumfukuza mbunge.

Chumba cha Ukasha kiko nyuma ya duka la kutengeneza simu. Kuta zote amezibandika trei za mayai ili sauti isivuje, na mlangoni limening'inia blanketi. Nilikisikia kile kicheko kabla sijalifunua. Walikuwa wamekaa viti viwili mbele ya kompyuta moja, magoti yao yanakaribiana, muvi imesimamishwa, wanabishana. Angel alikuwa anasema Charger ikiondoka inanyanyua pua juu kama mtu anayejua thamani yake. Ukasha alikuwa anamjibu kwamba ndiyo, lakini kwenye kona inajutia uzito wake. Walikuwa wanabishana vizuri, kwa raha, kama watu waliozoeana.

Nilimtazama Angel kwanza. Nilitafuta kasoro. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, na mwanya wenyewe ulimpendeza.

Ukasha alisimama kwa haraka mpaka waya wa vipokea sauti ukaivuta maiki ikaanguka. "Munira. Umekuja na nani?"

"Nimekuja na kununa kwangu," nikamwambia.

Angel alinikaribisha, akanipa kiti chake. Nikamshukuru, nikabaki nimesimama. Mikono yangu ilishafika kiunoni, kanga inajikunja yenyewe. Ukasha aliiona. Nikaona anavyotamani kutabasamu na anavyoogopa.

"Niambie mimi, si spika," nikasema. "Charger ni nani?"

"Charger ni gari, Munira."

"Na Mustang?"

Mtu ambaye hawezi kuona mdomo wa Mzungu umefumbwa bila kuujazia maneno, siku hiyo hakuwa na la kujijazia mwenyewe.

"Siku zote hizi Mustang ilikuwa mtu," nikaendelea. "Watu wanaipigia miluzi, nami najua na wewe unajua. Leo Charger peke yake ndiyo imekuwa gari?"

"Kuna neno siwezi kukwambia," alisema taratibu. "Nimetoa ahadi."

"Kwa nani?"

"Nikikutajia mtu, nitakuwa nimekwambia na neno lenyewe."

Nikacheka, kicheko kibaya, si cha kutoka tumboni. Nikamwambia ahadi za aina hiyo nazijua, wanaume huwa nazo wakikutwa. Yeye akasema nimwamini mpaka Jumapili tu. Nikamuuliza Jumapili kuna nini, akashtuka, na kushtuka kwake kulinifurahisha kidogo.

"Uliifurahia," nikamwambia. "Hilo ndilo linaloniuma. Sauti yako naijua kuliko unavyoijua mwenyewe. Ukisoma usichokipenda unakimbia. Pale kwenye Charger ulikwenda polepole."

Ukasha hajui kudanganya akiwa hana muvi mbele yake. Akakuna kichwa, akasema, "Ni gari nzuri, Munira. Mbele huzioni taa zake, zimefichwa nyuma ya wavu, mpaka giza liingie ndipo zifunguke. Ukiiona mchana utadhani imefumba macho."

Angel alijishika paji la uso. Hata yeye aliona kwamba mwanaume huyu anajizika kwa mikono yake.

"Basi endelea kuitazama," nikasema. "Jumapili shangazi ataniuliza. Nitamjibu kwa mdomo wangu, na hakuna atakayenisemea." Nikafunua blanketi, nikatoka. Hotuba yote niliyoipanga kwenye basi ilibaki tumboni, na machozi yaliniwahi kabla sijafika kwenye duka la simu.

Nilikuwa nimekaa stendi, dirishani mwa basi la Handeni, nilipomwona Angel anakuja anahema, kanga begani. Aliniomba nishuke kidogo. Nikamwambia aseme hapohapo, na dirisha nikalifungua nusu.

"Mimi sikufichi," alisema. "Asingekuwa na mtu, ningemtaka. Ila tukimaliza kurekodi tu ananiuliza kama abiria waliotoka Handeni wamesema kuna mvua. Mwanaume anayeuliza mvua ya mji wa mwenzio, huyo amekwenda."

Akashika ukingo wa dirisha.

"Yeye ameahidi. Mimi sikuahidi mtu, basi nisikilize. Kuna mzee alikuja pale, wiki ile kabla hatujarekodi hii ya Charger. Alikuwa na kanzu, kofia, na kamba ya ndala yake moja imeshonwa kwa uzi mwekundu. Amebeba spika. Alikaa akatazama muvi nzima hasemi kitu. Mwisho akamwambia Ukasha: kijana, binti yangu anaitwa jina la gari barabarani. Ukitaka nikuite mwanangu, mtoe kwenye kioo. Na yeye asijue kwamba nimekuja."

Uzi ule mwekundu niliutia mimi, kwa mkono wangu, nimekaa kizingitini kwetu. Na ni kweli wiki ile baba alikuwa amepeleka spika Korogwe kutengenezwa. Nilihisi uso unawaka mpaka masikioni. Miluzi yote ya stendi, ile niliyokuwa naipunguzia mwendo, baba alikuwa ameisikia.

Angel alisema neno lile la kubembelezwa alilitunga mwenyewe, Ukasha hakumtuma. Lilimjia tu, likakaa vizuri na kicheko. Aliniomba radhi. Nikampa, ila mkono sikumpa, na basi likaondoka.

Watu husema ukishaelezwa wivu unaisha. Wangu haukuisha, ulihama tu. Kutoka Korogwe mpaka Sindeni nilimwonea wivu Angel kwa vile viti viwili na ule ubishi wao mtamu. Kutoka Sindeni mpaka nyumbani nilikuwa na hasira na Ukasha. Sawa, aliambiwa anitoe kwenye kioo. Je, aliambiwa pia aseme nina kununa? Mtu anaweza kuvuliwa taji bila kupigwa nalo kichwani.

Na baba ningemuuliza nini? Kwetu binti hakai na baba yake kuongea habari za mwanaume. Hata shangazi anapopeleka ujumbe kati yao, hupunguza sauti. Niliposhuka basi nilimkuta baba bandani peke yake, kabla watu wa alasiri hawajaja, anagongelea misumari benchi lililolegea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Akauliza kama fundi alikuwa na kitambaa. Nikasema alikuwa nacho, lakini si rangi niliyoitaka. Nikachukua ufagio. Nilifagia mpaka mahali palipokuwa safi.

"Baba, ile muvi mpya umeionaje?" nikamuuliza.

"Nimeiona."

"Watu wanasema Charger ndiyo bora."

"Watu gani? Hawa ambao hata boneti ya Probox hawajawahi kuifungua?" Akagonga msumari. "Ina nguvu, sikatai. Ina silinda nane na pua inainuka. Lakini mimi ningepewa nichague, ningechukua ile Mustang."

"Kwa nini, baba?"

Alipapasa kichwa cha msumari kwa kidole. "Nimekaa nayo muda mrefu," alisema. "Naijua inavyowaka." Kisha akasafisha koo. "Ila ingekuwa yangu, nisingekubali ipitishwe stendi kila siku watu waipigie miluzi. Ningeifunika turubai. Si kwamba ina kasoro. Ni kwa kuwa ni yangu."

Nilishika ufagio kwa mikono miwili. Nikajua tukisimama hapo, hatutakaribiana zaidi ya hapo maisha yetu yote.

"Turubai sawa, baba," nikasema. "Lakini anayeifunika akiwaambia watu ina kununa, hata gari linaumia."

Baba aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu nikue alinitazama machoni tukiwa kwenye jambo kama hilo, halafu akarudisha macho kwenye benchi.

"Mimi nilisema litolewe," alisema. "Sikusema litukanwe. Nitamwambia."

"Usimwambie. Kama hajui hilo mwenyewe, basi na Jumapili isiwepo."

Alichukua msumari mwingine, akaugonga ukapinda, akautupa.

Jumamosi flashi ilikuja na basi, na tangazo lake lilishabandikwa ukutani tangu juzi yake: Mustang na Charger, uso kwa uso, muvi moja. Tangu hapo stendi haikuongea kingine. Sabiri alikuwa amesema waziwazi kwamba DJ ameshachagua, kilichobaki ni kuapishwa. Baada ya alasiri banda lilijaa hadi wengine wakakaa chini. Baba alikaa nyuma kabisa, jambo ambalo si kawaida yake, maana huwa anasema mikanda ya siku hizi ina kelele. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, na kanga yangu kiunoni.

Charger ilitangulia kutokea. Nilikaza meno. Nilingoja aseme inacheka, nilingoja kile kicheko kizito kimfuate. Ukasha alisema tu kwamba ni nyeusi, ina silinda nane, taa zimefichwa, na dereva wake ni mwizi wa benki. Alisema kwa mwendo wa kawaida, kama anayesoma tangazo la nauli. Angel alisemea mke wa mwizi maneno ya mke wa mwizi, akaishia hapo. Vijana walipiga makofi machache, wakashangaa wenyewe kwa nini ni machache.

Kisha Mustang ikatokea. Si ya kijivu safari hii, ya kijani iliyoiva, boneti ndefu, vumbi pembeni. Ilitoka kwenye kivuli cha daraja, ikasimama katikati ya barabara, ikangoja. Sabiri aliingiza vidole mdomoni tayari kwa mluzi. Nami nilifumba macho, maana sikutaka kuona watakavyogeuka kunitazama.

Sauti ya Ukasha ikakata.

Hakusema chochote. Wala haikuwa muvi imekwama, kwa sababu injini ilisikika, ile ngurumo ya chini inayopita kwenye benchi na kupanda mgongoni. Mustang iliondoka, ikapanda mlima, ikaruka kwenye matuta ya barabara, ikaisogelea Charger kwenye kona moja, kisha nyingine, na muda wote huo mtu ambaye sijawahi kumsikia akinyamaza alinyamaza. Hakuilinganisha na kitu, na hakumpa mtu yeyote neno la kuishika.

"DJ amekata," Sabiri alipiga kelele. "Mzee Mhina, spika imekufa. Rudisheni sauti."

"Spika ni nzima," baba alisema kutoka nyuma. Hakusimama. "Tulieni. Acheni gari lipite."

Wakatulia. Sijui kama walielewa, na sikujali. Hakuna aliyegeuka kunitazama mlangoni, hata Sabiri. Wote walikuwa wanalitazama lile gari linavyopita, na kwa mara ya kwanza lilikuwa gari tu, na mimi nilikuwa Munira. Mkono wangu ulikuwa umeshaikunja kanga. Nikaifungua, nikaifunga upya taratibu. Nililia kidogo, nikawauzia tiketi waliochelewa huku nalia.

Mustang ilipotoka kwenye kioo, sauti ya Ukasha ikarudi, imekwaruza kidogo, ikasema, "Haya, tuendelee," na ikaendelea na habari za wezi.

Charger, mniwie radhi, mpaka leo siipendi.

Jumapili washenga walifika kutoka Vugiri, kwao Ukasha, wazee wawili wenye makoti, wananukia baridi ya milimani. Ukasha hakuwepo, si desturi aje. Nilisikia wakikaribishwa, nikasikia ukimya wa watu wanaokunywa chai ya kwanza, nikasikia sauti ya baba ikiwa chini, ya adabu. Mama alikuwa amenifunika kanga mpya hadi usoni. Shangazi Swaumu aliingia, akafunga mlango, akakaa mkekani mbele yangu. Mwanzo aliniuliza kwa Kiswahili cha wageni, kisha akarudia kwa Kizigua ili isije kuwa sikuelewa. Kuna kijana anaitwa Ukasha, ameleta watu wake kwa heshima, na baba yako amesema swali hili ni lako. Umeridhia?

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na ya Angel, ya vile viti viwili, ya taa zilizofichwa, na hotuba ile ya basi ambayo haikuwahi kutoka. Shangazi alingoja. Aliinama akachungulia chini ya kanga kuona kama nipo.

"Munira," alisema, "mbona hunijibu? Wewe umeanza lini?"

Niliutazama mkeka. Nilifuata ukindu mmoja mwekundu kutoka gotini kwangu mpaka gotini kwake.

Shangazi alikaa kidogo tena, kisha nikamsikia anavuta pumzi, na mkono wake ukanigusa kichwani, ukakaa hapo. Akasimama, akatoka. Nje baba alimuuliza, haraka kuliko inavyompasa mzee mbele ya wageni, nimesema nini.

"Amenyamaza," shangazi akamwambia.